Talaka na watoto Mombasa: wazee, afisa wa watoto, Kadhi au hakimu?

Kila anayenijia na habari ya ndoa iliyomshinda huniuliza swali moja: "Nianzie wapi?" Nami kabla ya kumjibu humuuliza langu: "Unataka kumalizana na nani?" Wengi hunyamaza kidogo. Mume au mke unaweza kumalizana naye. Baba au mama wa wanao huwezi. Mtaonana shuleni siku ya wazazi, mtaonana kitandani kwa mtoto mgonjwa, mtakaa safu moja siku binti yenu anaolewa. Kwa hivyo talaka ni faili moja na watoto ni faili nyingine, wala hakuna sheria inayokulazimisha kuzipeleka zote mbili mlango mmoja.

Mimi hilo sikulijua. Nilipoachika nilikuwa na mtoto wa miaka 9 na mwingine wa miaka 4, nakaa Kisauni, baba yao amerudi kwao Likoni. Niliingia mlango wa kwanza nilioonyeshwa, ukanishinda, nikaingia wa pili, halafu wa tatu, na muda wote huo wanangu walikuwa wakinitazama usoni kujua leo ni siku gani. Tangu hapo nimesindikiza dada na kaka wengi kwenye ofisi hizi, Waislamu kwa Wakristo. Milango nimeijua. Nitailinganisha nilivyoiona: kila mmoja unakupa nini, unakunyima nini, na mtoto unamwachaje.

Wazee wa nyumbani

Huku kwetu mambo huanzia sebuleni. Ami, mjomba, shangazi mwenye sauti, kahawa na tende. Kwa Waislamu jambo hili lina asili yake: Suratun-Nisaa, aya ya 35, inaagiza aletwe hakamu, yaani mwamuzi, wa upande wa mume na hakamu wa upande wa mke. Kwa wenzetu Wamijikenda wapo wazee wa ukoo, kwa Wakristo kuna mchungaji na wale waliosimamia harusi. Hata Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 159, inataka mahakama zihimize upatanisho na njia za jadi, mradi hazivunji haki za mtu.

Faida yake ni kubwa na sitaki kuidharau. Hulipi kitu, husubiri tarehe, unazungumza lugha yako na watu wanaokujua tangu ukiwa mdogo. Na wazee wakikaa vizuri, nyanya wa pande zote mbili wanabaki wakizungumza, jambo ambalo mtoto analihitaji kuliko tunavyodhani.

Upungufu wake nimeuonja mwenyewe. Wazee wetu walikubaliana: watoto wakae nami, baba atoe shilingi 10,000 kila mwezi na karo juu yake, Jumamosi na Jumapili wawe Likoni. Nikaomba tuandike. Shangazi mmoja akasema, "Sisi ni watu wa nyumba moja, karatasi ya nini?" Nikaona haya. Mwezi wa kwanza pesa zilikuja zote, wa pili zikaja nusu, wa tatu simu haikushikwa. Nilipomrudia ami aliniambia nivumilie, mwanamume ana mambo yake. Hakusema kwa ubaya. Hakuwa na la kufanya, kwa sababu neno la wazee lina nguvu kadiri ile ile anayotaka kulipa yule aliyeliahidi.

Kuna na jambo jingine husemwa katika vikao hivi: kwamba mahari yalilipwa, basi watoto ni wa ukoo wa baba. Mila isiyoafikiana na Katiba haina nguvu, hivyo ndivyo kinavyosema kifungu cha 2. Na kifungu cha 53 kinawapa mama na baba wajibu ulio sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana, na kinaweka maslahi ya mtoto mbele ya kila kitu.

Shauri langu: watumie wazee kwa maneno, usiwatumie kwa pesa. Wanaweza kupoza hasira na kumwambia kijana wao lile ambalo asingelisikia kwako. Wakikubaliana, andikeni siku hiyo hiyo, majina na nambari za vitambulisho, mashahidi 2, halafu karatasi hiyo muipeleke kwa afisa wa watoto.

Lakini kama kuna kipigo, vitisho, au hofu ya kulala nyumba moja, kikao cha sebuleni kiruke kabisa. Usikubali kuketishwa mkabala na anayekupiga ukaambiwa mpeane mikono. Kuna Sheria ya Ulinzi dhidi ya Unyanyasaji wa Kinyumbani ya mwaka 2015, na chini yake hakimu anaweza kutoa amri ya ulinzi kwako na kwa watoto. Hospitali Kuu ya Pwani, ile ya Makadara, ina kituo cha waliodhulumiwa kijinsia, na matibabu yake yanaandikwa, maandishi ambayo utayahitaji mbele. Simu ya bure ni 1195.

Afisa wa watoto

Ningeujua mlango huu mapema, ningeanzia hapa. Mombasa ina kaunti ndogo 6: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Huduma ya afisa wa watoto, mtumishi wa serikali anayeangalia maslahi ya watoto, hufanyika huko huko mitaani. Haina malipo wala haihitaji wakili. Unaeleza shida yako, mwenzako anaandikiwa barua ya kuitwa, mnaketi watu 3.

Nakumbuka benchi lile la mbao nje ya ofisi, tumekaa kila mtu mwisho wake, katikati pameachwa nafasi ya watu wazima wawili. Tulipoingia nilikuwa nimejitayarisha kusema aliyonifanyia. Afisa hakutaka. Alifungua daftari akauliza, "Mkubwa analala saa ngapi? Madrasa anatoka saa ngapi? Nani anampeleka?" Nikajibu yote, nikajiona nimeshinda. Kisha akauliza, "Rafiki yake mkubwa anaitwa nani?" Nikamtazama baba yake, baba yake akanitazama. Hatukujua. Miezi 5 tulikuwa tukimgombea mtoto, na hakuna aliyejua jina la rafiki yake. Ugomvi wote ulitutoka pale pale.

Mnachokubaliana huandikwa mkataba wa majukumu ya wazazi, na mkitia sahihi unaweza kupelekwa mahakamani ukapewa nguvu ya amri. Sheria inayotawala haya ni Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 26 Julai mwaka huo mahali pa ile ya 2001. Sheria hii mpya inatambua waziwazi ulezi wa pamoja. Mzazi haondolewi kwenye maisha ya mtoto kwa kuwa tu mtoto analala kwa mwenzake.

Linganisha na wazee: afisa naye anapatanisha, lakini hana upande, na ameona mamia ya watoto kabla ya wako. Tena anauliza habari za mtoto, ilhali wazee huuliza habari za ndoa. Asichoweza ni kukupa talaka, wala kumburuta asiyetaka kuja. Barua ikipuuzwa mara 2 au 3, ujue njia yako imefika mahakamani, na hiyo miito iliyopuuzwa usiitupe. Ni ushahidi.

Mahakama ya Kadhi

Kwa Mwislamu anayetaka talaka, hapa ndipo. Katiba, kifungu cha 170, inaipa mahakama hii mambo ya sheria ya Kiislamu yanayohusu hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, iwapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa hapo. Hilo la mwisho watu hulisahau. Mmoja akikataa mamlaka ya Kadhi, kesi haiwezi kulazimishwa.

Kuna milango midogo ndani ya mlango huu, na inafaa uijue kabla ya kwenda. Mume akitoa talaka, Kadhi anaithibitisha na kuiandika. Mke akitaka kutoka na mume akakubali, kuna khului, na kawaida mke hurudisha mahari au sehemu yake. Mume akikataa, naye hatunzi, au ametoweka, au anadhuru, mke anaomba faskhi, na Kadhi mwenyewe ndiye anayeivunja ndoa. Nimeona dada wengi wakikubali khului na kusamehe kila kitu kwa sababu walichoka tu, na kumbe walikuwa na hoja ya faskhi. Usiseme "naomba khului" kwa kuwa ndilo neno unalolijua. Eleza yaliyotokea, uulize lipi linakufaa.

Halafu kuna eda, muda mke anaongoja kabla ya kuolewa tena: tuhuri 3, yaani vipindi vya usafi baina ya hedhi, kwa anayepata hedhi, miezi 3 kwa asiyepata, na kujifungua kwa mjamzito. Katika talaka rejea, ile ambayo mume bado anaweza kumrudia mkewe, mke ana haki ya makazi na matumizi muda huo wote. Wengi wetu hufungasha virago usiku ule ule tukarudi kwetu na watoto usingizini. Naelewa kwa nini. Lakini eda ni muda uliokusudiwa mtu atulie, na kwa watoto ni wiki kadhaa za kuzoea habari wakiwa bado kwenye chumba chao. Kama hakuna hatari, utumie.

Kuhusu watoto, Waislamu wengi wa pwani hii ni wa madhehebu ya Shafi, na humo mama ndiye wa kwanza katika hadhana, yaani haki ya kukaa na mtoto na kumlea, mpaka mtoto afikie umri wa kupambanua, yapata miaka 7, kisha mtoto mwenyewe huulizwa. Baba anabaki na wajibu wa matunzo popote mtoto alalapo. Mama akiolewa na mtu asiye jamaa wa mtoto, hoja ya kumwondolea hadhana hutolewa haraka sana, na akina mama wengi hutishwa nayo. Ijue kuwa hata hapo maslahi ya mtoto hutazamwa, kwa sababu Katiba haina mtoto wa kando.

Sasa jambo linaloleta mkanganyiko. Je, Kadhi ana mamlaka juu ya ulezi na matunzo, au ni ya Mahakama ya Watoto peke yake? Hukumu za Mahakama Kuu zimepishana juu ya hili kwa miaka. Mkiwa mmekubaliana, Kadhi atayaandika mliyokubaliana na maisha yataendelea. Mkiwa mnagombana vikali, mmoja wenu anaweza kuja kulipinga hilo mbele, na rufaa ikaenda Mahakama Kuu, ambako Kadhi Mkuu au Makadhi wengine 2 hukaa na jaji. Mtoto aliye katikati atasubiri. Ndiyo maana nasema faili mbili.

Kwa moyo, hapa pana jambo ambalo sikulipata kwingine. Kusikia mambo yako yakizungumzwa kwa Kiswahili chako, kwa dini yako, na mtu anayejua eda ni nini bila kuelezwa, kunampa mtu heshima yake. Wengi huja bila wakili. Ugumu ni kuwa mji ni mdogo. Nimeketi pale nikamwona jirani wa mama yangu akiniangalia kwa pembe ya jicho. Kama una mambo ya faragha, muombe karani mapema kama Mheshimiwa Kadhi anaweza kukusikiliza faraghani.

Usitoke bila cheti. Sheria ya Ndoa ya 2014 inamtaka anayevunja ndoa ya Kiislamu apeleke nakala kwa Msajili. Talaka ya ujumbe wa simu, hata kama masheikh wataisema imepita, haitakusaidia siku unapoulizwa hati.

Hakimu, kwa ndoa za kanisani, za serikali na za kimila

Hapa nitakwenda haraka, kwani njia ni moja na huwezi kuikwepa. Cheti cha kanisa cha kubatilisha ndoa hakiivunji mbele ya serikali. Ombi la talaka hupelekwa kwa hakimu chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, na hata mkiwa mmekubaliana wote wawili, bado lazima sababu ithibitishwe: uzinzi, ukatili, kutelekezwa, au ndoa kuvunjika kiasi cha kutotengenezeka. Kwa ndoa ya kimila, shika barua ya wazee inayoonyesha mahari na hatua mlizopita.

Linganisha na Kadhi: ni polepole zaidi, kwa kawaida ni ghali zaidi kwa kuwa wengi huweka wakili, na maandishi yake yanachoma. Kaka mmoja wa Changamwe alinionyesha ombi la mkewe, kurasa 11 za makosa yake tangu fungate. Baadhi yalikuwa kweli, alikiri mwenyewe. Lakini baada ya kulisoma hakutaka tena kukaa naye meza moja kuzungumzia karo. Ndugu yangu, sema kinachotosha kumthibitishia hakimu. Mengine mpe Mungu, au mpe mshauri wa nasaha. Mtoto wako siku moja atajua kusoma.

Mali ni kesi yake mbali, chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Mahakama ya Juu iliamua Januari 2023 kuwa kugawana nusu kwa nusu hakuji kwenyewe, kila mtu athibitishe mchango wake, na sheria inahesabu kulea watoto na kazi ya nyumba kuwa mchango. Mwislamu anaweza kufuata sheria ya Kiislamu katika mali. Usikubali kumwachia mwenzako watoto ili akuachie nyumba, wala kinyume chake. Nimeona mapatano ya namna hiyo, na sijaona mtoto aliyekuja kujua akayasamehe kwa urahisi.

Mahakama ya Watoto, Tononoka, na usuluhishi wake

Dini yoyote, ndoa yoyote, na hata bila ndoa. Tononoka ndiko kesi za ulezi, matunzo na kuonana na mtoto zinakosikilizwa hapa Mombasa, na umma hauruhusiwi kuingia. Kila mzazi huapa hati ya kipato chake, na hakimu anaweza kumtuma afisa wa watoto azuru nyumba zote mbili aandike ripoti. Kama karo imekwama au mtoto amefichwa, omba amri ya muda siku ile ile unayofungua kesi, usingoje mwisho wake.

Hapa ndipo karatasi inapopata meno. Baba niliyemsimulia, aliyenyamaza mwezi wa tatu, hakubadilika kwa sababu ya maneno yangu. Mkataba wetu wa afisa ulipokuwa amri ya mahakama, pesa zilianza kuingia tarehe 5 ya kila mwezi, kwa M-Pesa, na mimi nikaacha kumpigia simu za lawama. Amani ya watoto ilianzia hapo. Asiyetii amri anaweza kukatwa mshahara au kuitwa ajieleze kwa kuidharau mahakama. Na amri inamfunga kila mtu: mama anayemnyima baba kumwona mtoto kwa sababu pesa zimechelewa naye anaivunja. Pesa na kuonana ni haki mbili za mtoto, usizipime kwenye mizani moja.

Ubaya wake ni kuwa kesi ya kushindana huwafanya wazazi wawe wapinzani. Mnatafutana makosa. Mtoto mkubwa anaweza kuulizwa rai yake, na hata kwa upole wote wa hakimu, usiku wa kuamkia siku hiyo halali.

Ndipo nikaja kuupenda usuluhishi unaoambatana na mahakama. Kesi ikishafunguliwa huweza kupelekwa kwa msuluhishi aliyeidhinishwa, bila ninyi kumlipa, na muda wake ni siku 60, na nyongeza kidogo ikihitajika. Yanayosemwa humo ni siri, hayawezi kutumiwa dhidi yako baadaye. Mkikubaliana, makubaliano husomwa kuwa amri ya mahakama. Msipokubaliana, mnarudi kwa hakimu pale mlipoachia.

Uweke kando ya kikao cha wazee uone. Kote mnazungumza, kote hakuna mshindi. Lakini kwa msuluhishi hakuna shangazi wa kukuonea haya, mke hasemewi na kaka yake, na mwisho wake mnatoka na amri badala ya kupeana mikono. Uweke kando ya kesi: miezi 2 badala ya tarehe zisizokwisha, na mnatoka mkiweza kusalimiana. Ukiulizwa kama unataka kesi yenu ipelekwe huko, na hakuna hofu ya kudhuriana, sema ndiyo.

Asiye na uwezo wa wakili asikae nyumbani. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, na FIDA Kenya na Kituo cha Sheria, mashirika yanayosaidia watu kisheria, wana ofisi hapa Mombasa. Nenda na cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, risiti za karo, kadi ya kliniki ya mdogo, na taarifa ya M-Pesa ya miezi 6. Hiyo taarifa ya M-Pesa inasema zaidi ya mashahidi 10.

Mtoto alale wapi?

Sheria inaweza kuwapa ulezi wa pamoja, lakini feri haijui sheria. Kutoka Kisauni hadi Likoni mtoto anavuka daraja la Nyali, anakatiza kisiwa kizima, kisha anapanga foleni ya kivuko. Anayetembea kwa miguu halipi, ila saa anazilipa. Wiki moja kwangu wiki moja kwake tuliijaribu, na mkubwa wetu alikuwa akiamka saa 10 usiku kuwahi shule. Tukaiacha baada ya wiki 6. Kwa wazazi wanaoishi mtaa mmoja, tuseme wote Majengo au wote Bamburi, mpango huo ni mzuri sana. Mkitenganishwa na maji, shule iwe ndiyo nanga: mtoto alale karibu nayo siku za masomo, na mwenzako apate Ijumaa jioni hadi Jumapili pamoja na sehemu kubwa ya likizo.

Umri nao una lake. Mtoto wa miaka 4 hajui "wiki ijayo" ni nini. Kwake siku 7 bila kumwona baba ni kupotea kwa baba. Heri amwone mara nyingi, muda mfupi mfupi. Mkubwa anavumilia nafasi, asichovumilia ni ahadi inayovunjwa mlangoni amevaa viatu.

Kuna wanaomwachia nyanya, hasa mama anapokwenda Arabuni kufanya kazi. Nyanya wa kwetu ni rehema. Lakini andikeni nani anatia sahihi hospitalini na nani anahudhuria shule, na simu ya mama iwe na saa yake kila wiki, isiwe ya kubahatisha.

Sikukuu zigaweni mapema. Sisi Idi ya Mfungo Mosi ni kwa mmoja, ya Mfungo Tatu kwa mwingine, na mwaka unaofuata tunabadilishana. Jirani zangu Wakristo hufanya hivyo kwa Krismasi na Pasaka. Andikeni kwenye mkataba, kwa sababu hakuna ugomvi mchungu kama wa usiku wa kuandama mwezi.

Moyo wa mtoto, na wako

Waambieni pamoja mkiweza, kwa maneno machache, kabla mtoto hajasikia kwa jirani. Mimi nilisema, "Baba yenu ametuacha." Nayajutia maneno hayo hadi leo. Afisa alinifundisha mengine: "Mimi na baba tumeachana. Nyinyi hamkuachwa." Tofauti ya neno moja tu, ila mwanangu mdogo aliyarudia kitandani peke yake kama anayehifadhi sura.

Wadogo hurudi nyuma, hukojoa kitandani, hung'ang'ania nguo yako. Wa umri wa kati huamini kuwa kosa ni lao, na hupanga mbinu za kuwarudisha pamoja. Vijana hukasirika au hunyamaza, na kunyamaza kunanitia hofu zaidi. Linalowaumiza watoto zaidi ni ugomvi usiokwisha baada ya talaka, kwa hivyo usimtume mtoto ujumbe, usimuulize nani alikuwepo kule, usimfanye awe shahidi wako.

Mwanangu mdogo alianza kutia champali zake kwenye mkoba wa madrasa kila usiku. Nilimgombeza mara 2 kabla ya kumuuliza kwa upole. Alisema anaogopa akiamka kwingine hatakuwa nazo. Kesho yake baba yake alinunua champali, mswaki na kanzu ya pili, vikawekwa Likoni, vikamngoja huko. Baada ya siku chache mkoba ukabaki na msahafu na kalamu. Kama una shilingi za ziada mwezi huu, anza na hilo kabla ya wakili.

Mtoto akizidiwa, 116 ni simu ya bure ya kusaidia watoto, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Na wewe tafuta mtu mmoja wa kumlilia ambaye si mwanao: sheikh au mchungaji kwa mambo ya imani, mshauri wa nasaha kwa usiku usiolalika, shoga mmoja anayejua kufunga mdomo. Kila mmoja ana kazi yake. Niliyemtegemea mimi alikuwa mwanangu wa miaka 9, aliyekuwa akinipikia chai nikilia, na nilichelewa kuona kwamba nimemfanya mtu mzima.

Mkataba wenu si wa milele. Hali ikibadilika unaweza kurekebishwa, na amri ya mahakama pia huombewa kubadilishwa. Mkubwa wetu alipofika miaka 14 alitaka kukaa Likoni likizo zote, kuna timu ya mpira. Tulirudi kwa afisa yule yule, benchi lile lile, safari hii tukakaa karibu karibu kwa sababu watu walikuwa wengi. Ilichukua nusu saa. Kabla ya kutupa kalamu tutie sahihi, akauliza tena, "Na rafiki yake mkubwa sasa anaitwa nani?" Baba yake alijibu kwanza, mimi nikaongeza jina la mamake huyo rafiki na mtaa wanakokaa.